Timu Iliyojazwa Pomoni Haimalizi Kazi

Kati ya Julai 2023 na Desemba 2024, watu wanaotunza mifumo ya mishahara nchini Kenya hawakupata nafasi ya kupumua. Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta tozo ya nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri, pamoja na madaraja mapya ya kodi ya mapato ya asilimia 32.5 na 35 kwa wenye mishahara mikubwa. Vyote vilitakiwa kuanza 1 Julai. Siku moja kabla, Mahakama Kuu ikaisimamisha sheria hiyo. Mwisho wa Julai, Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio, na makato yakarudi. Januari 2024 tozo ya nyumba ikasimama tena kwa uamuzi wa mahakama; Machi ikafufuka kwa sheria yake yenyewe. Juni, Rais William Ruto akauondoa Mswada wa Fedha wa 2024 siku moja baada ya waandamanaji kuingia bungeni, zikiwa zimebaki siku chache mwaka mpya wa fedha uanze. Mwisho wa Julai, Mahakama ya Rufaa ikasema Sheria ya Fedha ya 2023 yote ilikuwa kinyume cha Katiba. Oktoba, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Oktoba hiyohiyo makato ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, yakapisha yale ya SHIF, mfuko mpya, asilimia 2.75 ya mshahara. Kisha 27 Desemba marekebisho mengine ya sheria za kodi yakaanza kutumika, wakati waajiri wengi wanaolipa kabla ya Krismasi walikuwa wamekwisha kutuma mishahara ya mwezi huo.

Kila badiliko katika orodha hiyo lilitua mezani pa watengenezaji programu ambao tayari walikuwa na mpango wa wiki mbili, umepangwa, umekadiriwa, umejaa. Wengi wao wanafanya kazi kwa mtindo wa ajaili: mizunguko mifupi inayoitwa sprinti, ubao wa tiketi (kila tiketi ni kazi moja), kikao cha kusimama kila asubuhi. Mtindo huu uliuzwa kwetu kama dawa ya mabadiliko ya ghafla. Ilikuwaje basi mabadiliko yalipokuja watu wakakesha ofisini, matoleo yakatoka na hitilafu, na mwisho wa mwezi ukawa kitisho?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba timu hazijui kukadiria, kwa hiyo yaongezwe mafunzo ya makadirio na vikao vya kupanga virefushwe. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Timu nyingi nilizozifuatilia Nairobi na Dar es Salaam zinakadiria vizuri kiasi cha binadamu kukadiria. Kinachoziangusha ni kwamba kila saa ya mzunguko hupangiwa kazi kabla mzunguko haujaanza, kana kwamba kazi ya dharura ni ajali ya mara moja kwa mwaka. Na anayejaza ni uongozi, hata pale timu yenyewe inaponyoosha mikono na kukubali.

Inafaa kukumbuka sehemu ya fikra hizi ilikozaliwa. Mwaka 1996 kampuni ya Chrysler, Marekani, ilimwita mtaalamu wa programu Kent Beck kuuokoa mradi uliokwama. Mradi wenyewe, uliojulikana kama C3, ulikuwa wa mfumo wa mishahara. Ndani ya mradi huo, Beck pamoja na Ron Jeffries na wenzao walijenga mtindo walioupa jina la Extreme Programming. Mwaka 1997 mfumo ulianza kulipa wafanyakazi wapatao 10,000, ingawa mradi ulisitishwa mwaka 2000 kabla ya kuwafikia wafanyakazi wote wa kampuni. Miongoni mwa kanuni za mtindo ule ilikuwemo moja iliyo wazi kabisa: wiki ya kazi ni saa 40, na timu isifanye kazi ya ziada kwa wiki mbili mfululizo. Ikilazimika kufanya hivyo, mpango ndio wenye tatizo na urekebishwe.

Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, Utah, na kuandika Ilani ya Ajaili, Beck na Jeffries walikuwamo. Kati ya misingi 12 iliyoambatana na ilani hiyo, mmoja unasema wafadhili, watengenezaji na watumiaji wawe na uwezo wa kwenda na mwendo uleule bila kikomo. Mwingine unasifu ufundi wa kuongeza kazi isiyofanywa, yaani kuacha kila kisicho cha lazima. Kwetu huku, na kwingineko pia, tulichukua kikao cha asubuhi, tukachukua ubao na tiketi zake, tukachukua neno sprinti lenyewe. Ile misingi miwili haikupakiwa.

Tazama kikao cha kupanga kinavyokwenda. Ni Jumatatu asubuhi, ubao uko kwenye skrini, msimamizi anafungua orodha ya kazi zinazosubiri. Tiketi ya kwanza inataka ripoti ya P10, ile ya kodi ya kila mwezi, itoke katika muundo mpya. Mmoja anasema ukubwa wake ni pointi tano, mwingine nane. Aliyesema nane anaeleza kwamba kuna mteja mwenye matawi mengi ambaye faili yake huwa kubwa mno. Mazungumzo haya ni mazuri, na kwa maoni yangu ndiyo faida pekee ya kweli ya makadirio: watu wanagundua mapema kwamba hawafikirii kazi ileile. Wanakubaliana nane. Zinafuata nyingine na nyingine. Kisha msimamizi anajumlisha, anatazama mzunguko uliopita, uliokuwa bora kuliko yote, anasema, "Tulimaliza pointi 42. Safari hii tujitahidi, tuchukue 46." Hakuna anayepinga. Mzunguko umejazwa, na umejazwa juu ya kiwango bora zaidi ambacho timu imewahi kufikia, siyo kiwango chake cha kawaida.

Pointi zenyewe zina historia ambayo wasimamizi wetu wangefaidika kuijua. Jeffries ameeleza kwamba timu ya awali ilikadiria kwa siku kamilifu, yaani siku ambazo mtu angefanya kazi hiyo tu bila kukatizwa, kisha ikazidisha mara tatu hivi kupata siku za kalenda. Viongozi wakawa wanauliza inakuwaje kazi ya siku moja ichukue siku tatu. Ili kuepuka mabishano, siku zikaitwa pointi. Mwaka 2019 Jeffries aliandika kwamba huenda yeye ndiye aliyezibuni, na kama ni yeye, basi anajuta. Tafakari uwiano ule. Timu yenye nidhamu kubwa, ikiongozwa na waasisi wenyewe wa mtindo huu, iliona kwamba katika kila siku tatu, kazi iliyopangwa ilipata siku moja. Sisi tunapanga kana kwamba katika siku tatu tunapata tatu na robo.

Mara pointi zinapogeuzwa kuwa kipimo cha bidii, huharibika kama kipimo. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart aliiona tabia hiyo katika sera za fedha mwaka 1975: takwimu ikishageuzwa kuwa lengo la kudhibitiwa, haitegemeki tena. Katika programu hutokea bila mtu kukusudia udanganyifu. Kazi iliyokuwa tano mwaka jana leo ni nane, kasi, yaani pointi zinazomalizwa kila mzunguko, inapanda kwenye grafu, mkurugenzi anapongeza, na wateja wanapokea kilekile walichokuwa wakipokea. Mwongozo rasmi wa Skramu, mmoja wa mitindo ya ajaili, toleo la 2020, hauna neno juu ya pointi wala kasi. Na tangu mwaka 2011 mwongozo huo uliacha kusema kwamba timu inaahidi kumaliza orodha ya mzunguko. Unasema timu inatabiri. Kampuni ngapi zinaendesha tathmini za mwaka kana kwamba mabadiliko hayo hayajawahi kuandikwa?

Kuhusu kukadiria vizuri zaidi, kuna utafiti mmoja ninaopenda kuurejea. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa saikolojia waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani wanafunzi walikadiria kumaliza kwa siku 34. Walimaliza kwa siku 55. Walipotakiwa kukadiria kana kwamba kila kitu kingekwenda mrama, walisema siku 49, na hata hiyo haikufika. Hao walikuwa watu wanaokadiria kazi yao wenyewe, moja, bila mteja wa kuwapigia simu. Hakuna semina itakayomponya mwanadamu tabia hii, kwa hiyo mpango unaotegemea makadirio sahihi ili ufanikiwe umejengwa mahali pabovu.

Turudi kwenye ubao, lakini sasa ni Jumatano ya wiki ya pili. Safu ya "zinazofanywa" ina tiketi 11, na timu ina watu sita. Safu ya "zinasubiri ukaguzi" ina tiketi saba, mbili kati yake zimekaa tangu Alhamisi iliyopita kwa sababu mwenzao anayefahamu sehemu ile ya msimbo, yaani maandishi ya programu, ameshikwa na jambo lingine. Jambo lenyewe: afisa rasilimali watu wa mteja mmoja amepiga simu kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi tarehe 10 amelipwa mshahara wa mwezi mzima. Hitilafu hiyo haina tiketi kwenye mpango. Hakuna aliyeikadiria. Haiwezi kusubiri pia, maana leo ni tarehe 26. Kikao cha asubuhi kinakwenda kama kawaida, kila mmoja anasema anaendelea na kile alichosema jana, na ni kweli anaendelea. Wote wana shughuli. Kilichomalizika tangu Jumatatu ni tiketi moja.

Jambo hili lina hesabu, na ni ya zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1909 Agner Krarup Erlang, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha uchambuzi wake wa kwanza wa simu zinazoingia bila mpangilio kwenye mitambo yenye nafasi chache. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa elimu ya foleni. Katika mfano wake mwepesi kabisa, wa mhudumu mmoja na kazi zinazofika ovyo zikiwa na ukubwa tofauti, muda wa kusubiri hutegemea jinsi mhudumu alivyojaa. Akiwa na kazi kwa nusu ya muda wake, kazi mpya husubiri kwa wastani muda ulio sawa na wa kuifanya. Akijaa asilimia 80, husubiri mara nne ya muda huo. Asilimia 90, mara tisa. Asilimia 95, mara 19. Timu ya watu sita si mhudumu mmoja, na tarakimu zake zitakuwa tofauti, lakini umbo la mchoro ni lilelile: linapanda taratibu, kisha karibu na kujaa linasimama wima kama ukuta. Anayetoka asilimia 80 kwenda 95 anadhani ameongeza kazi kidogo. Kumbe ameongeza kusubiri karibu mara tano.

Ndiyo maana ile hitilafu ya mshahara wa tarehe 26, kazi ya nusu siku, huvuruga mzunguko mzima. Katika timu yenye nafasi ingemezwa bila mtu kuhisi. Katika timu iliyojaa, inasukuma tiketi moja, ambayo inamwacha mkaguzi akisubiri, ambaye anaanza kazi nyingine ili asikae bure, ambayo nayo itahitaji ukaguzi. Kazi zilizo wazi zinaongezeka na kazi zinazokwisha zinapungua, watu wakiwa walewale na bidii ileile.

Kanuni ya pili ni nyepesi zaidi na naipenda kwa sababu kila msimamizi anaweza kuijaribu leo. Mmarekani John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa kazi zilizo wazi ni sawa na kasi ya kumaliza ukizidisha kwa muda ambao kila kazi hukaa ndani. Timu yenye tiketi 18 zilizo wazi na inayomaliza sita kwa wiki, kila tiketi itakaa wiki tatu. Zikipunguzwa hadi tisa, kasi ikibaki ileile, kila moja itakaa wiki moja na nusu. Hakuna aliyeajiriwa wala aliyeongezewa saa. Mafundi cherehani wetu wanaijua hali hii kila mwezi wa Ramadhani: fundi anayepokea vitambaa vya mtaa mzima na kuvikata vyote anafika mkesha wa Idi akiwa na rundo la nguo zilizoanza na wateja wamejaa mlangoni, huku jirani yake aliyekataa baadhi ya wateja akitoa nguo moja moja zilizokamilika.

Toyota walilielewa hili viwandani kwa kadi zao za Kanban: kituo cha nyuma hakizalishi mpaka kituo cha mbele kiombe. Wajapani hao wana jina pia la kosa ninalolizungumzia hapa, muri, yaani kumbebesha mtu au mashine mzigo uliozidi uwezo, na waliliweka katika kundi moja na upotevu. Kwenye programu, kuweka kikomo cha tiketi zinazoruhusiwa kuwa wazi kwa wakati mmoja ni sheria ya mstari mmoja. Ugumu wake ni wa kibinadamu. Kikomo kikishafikiwa na mtu amemaliza kazi yake, haruhusiwi kufungua mpya. Anatakiwa akakague ya mwenzake, au akae naye wasukume iliyokwama. Kwa msimamizi aliyezoea kuona kila mtu ana tiketi yenye jina lake, hilo linaonekana kama uzembe. Kwa mhandisi kijana anayepimwa kwa tiketi zake binafsi, linaonekana kama kujinyima. Bila kubadilisha namna ya kuwapima watu, kikomo hicho kitaandikwa ubaoni na kuvunjwa siku hiyohiyo.

Sasa tuhesabu uwezo wa timu kwa uaminifu. Watu sita, siku 10 za kazi, jumla siku 60. Vikao vya mzunguko, yaani kupanga, kusimama, kuonyesha kazi na kutathmini, vinakula karibu siku moja ya kila mtu: zimebaki 54. Kuna sikukuu moja ya umma: 48. Mmoja ana likizo ya siku tatu: 45. Kukagua msimbo wa wenzao na kujibu maswali ya watu wa huduma kwa wateja, siku moja na nusu kwa kila mtu: 36. Mtu mmoja awe wa zamu mzunguko mzima, kazi yake kupokea hitilafu na maombi ya dharura ili wengine watano wasikatizwe: zimebaki 30 hivi. Katika hizo 30, acha sehemu moja ya tano bila kupangiwa chochote. Unapanga siku 24.

Mkurugenzi akisikia 24 kati ya 60 hushtuka. Ninamwelewa, mishahara analipa ya siku 60. Lakini hizo 36 nyingine hazijaanza kupotea leo. Zilikuwa zikitumika vilevile mzunguko uliopita, kwenye vikao vilevile na simu zilezile za wateja, isipokuwa mpango ulikuwa unajifanya hazipo, na tofauti ilikuwa ikilipwa Jumamosi na usiku. Asiyeamini afanye jambo moja: achukue mizunguko mitano iliyopita, ahesabu tiketi zilizokwisha kabisa na kumfikia mteja, aache zilizofika asilimia 90. Idadi hiyo ndiyo uwezo wa timu yake. Hahitaji pointi.

Sehemu ya zamu inastahili kusemwa zaidi, kwa sababu hapo ndipo nidhamu ya ofisi zetu inapojaribiwa. Kazi nyingi zisizo kwenye mpango hazitoki bungeni wala mahakamani. Zinatoka kwenye WhatsApp. Mkurugenzi wa mauzo anamwandikia mhandisi moja kwa moja: "Hebu nicheki hiki haraka, ni dakika tano tu." Mhandisi ana miaka 25, aliyeandika ni mkubwa wake kwa cheo na kwa umri, na kulelewa kwake kote kumemfundisha kwamba mkubwa hakatazwi. Anakifanya. Kesho kingine. Hakuna ubao unaoonyesha saa hizo, na mwisho wa mzunguko yeye ndiye anayeulizwa mbele ya wenzake kwa nini tiketi yake haikwisha.

Kumwambia kijana huyo ajifunze kusema hapana ni kumtwisha jukumu la uongozi bila mamlaka ya uongozi. Mlango uwe mmoja: maombi yote yapite kwa mtu wa zamu, na kitakachozidi nusu siku kipelekwe kwa mmiliki wa bidhaa, yule anayeamua kazi ipi itangulie, ambaye ana cheo cha kutosha kuuliza swali linalotakiwa: "Sawa mkuu, tutakifanya. Tuondoe kipi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Linamrudishia mwenye uamuzi uamuzi wake, akiwa ameona gharama. Nimeona mara kadhaa mkubwa akiisoma orodha, akafikiri, akasema basi kile chake kisubiri mwezi ujao. Na anapoamua kiondolewe kingine, vilevile ni sawa. Kuamua hivyo ni kazi yake.

Pingamizi ninalolisikia zaidi ni hili: tukiacha nafasi na dharura isije, watu watakaa bure. Kwanza, dharura huja. Hujui itakuwa na sura gani, lakini kuja kwake kunajulikana. Mwaka wa fedha wa Kenya na wa Tanzania huanza 1 Julai, kila mwaka, na kila mwaka viwango hubadilika. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala ya simu 15 Julai 2021, haikupita miezi miwili ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baada ya hapo ikaendelea kubadilishwa. Timu ya malipo iliyoipanga Julai na Agosti kama miezi ya kawaida haikuonewa na serikali. Kalenda ilikuwa mbele yao.

Pili, kuna mzunguko ambao dharura kweli haiji, na hapo ndipo nafasi inapolipa zaidi. Rudi kwenye tozo ya nyumba. Kuna mifumo ambayo asilimia 1.5 iliandikwa ndani ya msimbo wenyewe, mahali kadhaa: kwenye hesabu ya mshahara, kwenye hati ya malipo, kwenye ripoti ya mwajiri, kwenye faili la benki. Iliandikwa hivyo kwa haraka, na watu waliokuwa wamejaa, wiki ya mwisho ya Juni. Mahakama iliposimamisha tozo, ilibidi mtu atafute mahali pote na kuondoa, iliporudi, kurudisha, na aliyetaka kuhesabu upya mshahara wa mwezi wa nyuma akapata jibu lisilolingana na lile lililolipwa. Mfumo uliotengenezwa kwa utulivu una jedwali la viwango, kila kiwango na tarehe yake ya kuanza na ya kukoma. Mahakama ikisimamisha, unaweka tarehe ya kukoma. Sheria mpya ikija, unaongeza mstari. Hesabu za miezi ya nyuma hazitikisiki. Kuhamisha viwango kwenda kwenye jedwali la namna hiyo, na kuandika majaribio ya kuthibitisha, ni kazi ya siku chache ambayo haijawahi kushinda ombi la mteja katika kikao chochote cha kupanga nilichokiona. Hupata nafasi pale tu nafasi inapokuwepo.

Kuongeza watu dakika za mwisho hakusaidii, na hilo lina nusu karne tangu lielezwe. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta, pale IBM, alionya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Watu watano wana njia 10 za kuwasiliana. Watu 10 wana njia 45, na wageni watano wanahitaji kufundishwa na walewale waliozidiwa. Kukesha kuna mwisho mbaya zaidi, kwa sababu msimbo ulioandikwa saa nane za usiku hurudi wiki ijayo kama hitilafu, na hitilafu hurudi kama kazi isiyo kwenye mpango. Kwenye mfumo wa mishahara hitilafu hiyo ina jina la mtu na kodi ya nyumba anayodaiwa na mwenye nyumba wake. Kiongozi anayejivunia timu inayokesha angekaa siku moja kwenye dawati la huduma kwa wateja tarehe mosi.

Limebaki jambo ambalo wahandisi hawawezi kulitatua peke yao, nalo ni mkataba. Kampuni nyingi za programu Nairobi, Dar es Salaam na Kigali hutengenezea wateja kwa bei iliyofungwa, tarehe iliyofungwa na orodha ya kazi iliyofungwa, kisha ndani wanaambiana kwamba wanafanya ajaili. Vitu vitatu vikishafungwa, mabadiliko yakija kinachobaki kunyumbulika ni saa za watu tu. Idara ya mauzo husaini, timu hulipa.

Mkataba wa mfumo unaoguswa na sheria, uwe wa mishahara, wa ankara za kodi au wa malipo ya simu, unaweza kufunga bei na tarehe na kuiacha orodha wazi: vipengele vipangwe kwa umuhimu, vya juu vihakikishwe, vya chini vifikiwe muda ukiruhusu. Tena uwe na kifungu kinachotaja siku kadhaa za kazi kila robo mwaka kwa ajili ya mabadiliko ya kisheria, zikilipiwa zitumike au zisitumike, na zisipotumika ziende kwenye matengenezo ambayo pande zote mbili zimekubaliana. Mteja asiyetaka kifungu hicho aelezwe kwamba kila badiliko la sheria atatozwa peke yake, kwa siku na kwa bei inayojulikana. Akivikataa vyote viwili, anaomba kazi isiyolipwa, na kampuni imwambie hivyo waziwazi wakiwa bado wanajadili bei.